Mwaka wa Mayai ya Kasa

Khitma ya Mamkubwa Zuhura ilisomwa Ijumaa, na sisi wanawake tuliokaa ndani, tulipokwisha kula pilau, tukaanza kumtaja marehemu kwa mazuri yake kama ilivyo ada. Huyu alitaja mapishi yake, yule akautaja ulimi wake usiosengenya, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Mamkubwa alisengenya vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na mimi hilo nalihesabu katika mazuri yake. Kisha mke mmoja mdogo, aliyeolewa mtaani juzi tu, akaitoa sifa aliyoisikia kwa wakwe zake: kwamba Bi Zuhura alikuwa na mkono wa mayai, hata yai lililosuswa na kuku akilishika yeye hutoka kifaranga. Chumba kizima kikaitikia kwamba ni kweli, wallahi, mkono ule haukuwa na mfano. Niliinuka nikaenda uani, nikajifanya natafuta maji ya kunawa. Nimeshazika watu wengi, na kulia nalia kwa mpango siku hizi, lakini neno lile la mayai lilinikuta sikujiandaa, nikalia nimeshikilia mtungi mbele ya wapishi.

Mwaka ninaousema ni katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule ya msingi nimemaliza na ya sekondari haikupatikana, nikapelekwa Likoni kumsaidia Mamkubwa, aliyeniita Mwana tu, kumuuguza mumewe, Mzee Bakari, aliyepigwa na kiharusi upande mzima wa kulia. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti, karibu na pwani ya Shelly kiasi kwamba bahari ikichafuka tulikuwa tukilamba midomo tunaonja chumvi. Chumba cha mbele kilikuwa cha mgonjwa, kwa sababu dirisha lake liliangalia barazani na yeye alitaka kuwasikia watu wakizungumza. Cha kati tulilala sisi. Cha nyuma kilikuwa cha kuku. Sisemi banda, nasema chumba, chenye mlango na komeo, vikapu vimepangwa kando ya ukuta na kila kikapu kina mama wake. Kuku akiuawa na kicheche, au akiyasusa mayai katikati ya kuatamia, Mamkubwa aliyachukua akayalaza ndani ya sufi na majivu ya vuguvugu, akakiweka kikapu karibu na jiko, na kila siku baada ya alasiri akayageuza moja moja. Kuku mwenyewe huyageuza kwa mdomo, alinifundisha, asipoyageuza joto hukaa upande mmoja na mtoto hugandia kwenye ganda. Kila yai lilikuwa na alama ya mkaa upande mmoja, ili ajue lipi limegeuzwa na lipi bado. Watu walitoka hadi Mtongwe kumletea mayai yaliyosuswa. Niliona kwa macho yangu vifaranga wakitoka ndani ya kikapu kile kisicho na kuku, wakimfuata yeye uani kana kwamba ndiye aliyewataga, naye akiwatukana kwa mapenzi.

Mzee Bakari alikuwa mvuvi wa kasa. Leo ukilisema neno hilo mbele ya vijana wanakutazama kama uliyesema mtu alikuwa mwizi, lakini kwa muda mrefu ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Nyama ililiwa, mafuta yalipakwa watoto wenye kifua, na magamba yalikuwa na wanunuzi wake mjini. Hata sheria ilipokuja kukataza, wengi waliendelea kimyakimya, na walaji nao walikula kimyakimya. Kasa akishapinduliwa chali hawezi tena kujigeuza, hulazwa kivulini akangoja kisu, na Mzee alikuwa akisema kwamba katika kungoja huko hushusha pumzi kama mwanamke aliyechoka kutwanga. Miaka michache kabla ya maradhi yake alimpindua mmoja pale pale Shelly, mkubwa, akipanda kutaga. Alipompasua akakuta tumbo limejaa mayai, mengine yana ganda tayari, mengine bado ni viini vitupu. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeona kasa akipanda pwani yetu. Wenzake barazani wakaufanya mzaha: Bakari ameifunga bahari mlango, sijui ufunguo kautia wapi. Mzaha kwa watu wa pwani ni ada na anayenuna ndiye mjinga, kwa hiyo alicheka nao miaka yote. Alipolala kitandani hakucheka tena.

Ukuta wa udongo hausitiri maneno. Nikichambua mchele chumba cha kati nilikuwa nikimsikia.

"Zuhura, kweli ni mimi?"

"Wewe nini?"

"Niliyewamaliza."

"Wamalizwa na nyavu za mameli, na mahoteli, na kila mwenye jino. Tulia ulale."

"Wote wameua, sawa. Lakini wa mwisho alikuwa wangu."

Wakati ule niliona ni ugonjwa unaosema. Msichana wa miaka kumi na sita hajui kwamba mtu anaweza kuwa na dhambi zake za kawaida, akazitubia zikaisha, kisha likabaki jambo moja ambalo hata hajui kama ni dhambi, nalo ndilo likamkalia kifuani. Nikiwaza sasa naona pwani nzima ilikula kasa, kuanzia masharifu hadi watoto wa madrasa, na aibu yote ikaangikwa kwa mtu mmoja aliyekuwa na bahati mbaya ya kuwa wa mwisho kushika kisu. Hili linanikasirisha hadi leo. Linanikasirisha zaidi kwa sababu hata mimi nilipakwa mafuta yale kifuani nilipokuwa mdogo, na nikapona.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza Kazungu alipokuja na habari. Kazungu alikuwa Mgiriama wa bara ya Kilifi, kibarua wa ukuta uliokuwa ukijengwa na hoteli moja mpya upande wa pwani, na kila alfajiri alipitia kwetu kunywa chai kwa mahamri na mbaazi kabla ya kwenda kazini. Siku ile hakukaa. Alisimama mlango wa uani, suruali imelowa hadi magotini, akasema kwa sauti ya chini, "Bi mkubwa, kuna kitu kimepanda usiku kikashuka. Nimefuta alama kwa makuti watu wasione." Mamkubwa aliweka chini upawa akaenda chumba cha mbele. Nilimfuata. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akataka Kazungu aitwe ndani, akamuuliza kwa ule mdomo wake uliopinda, "Mikono imekwenda pamoja, au mmoja mmoja?"

"Pamoja, Mzee. Kama mtu anayejivuta kwa viwiko."

"Basi kasa, si ng'amba, ndugu yake anayekwenda mkono mmoja mmoja," alisema Mzee, na chozi likatoka jicho moja tu, lile la upande uliokuwa hai. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia kwa furaha kabla ya hapo. Mamkubwa alimfuta kwa pembe ya leso akamwambia haya basi, umeona, bahari haikufungwa. Mzee akatikisa kichwa. Mama kuja si kitu, akasema. Mama huja pale alipozaliwa, kwa hiyo huyu ni wa enzi za zamani, ni mabaki. Wakitoka watoto, wakaingia majini, hao ndio watakaorudi wakishakuwa wakubwa, na hapo ndipo mtu ataweza kusema hawakwisha. Akamshika mkewe mkono kwa mkono wake mzima. "Niangalilie mayai hayo," alisema. Katika mwaka mzima niliokaa nyumba ile hilo ndilo jambo pekee nililomsikia akimwomba.

Kutoka siku ile nyumba yetu ilikuwa na kazi mbili, mgonjwa na lile shimo la mayai. Mamkubwa alikuwa akienda pwani asubuhi na jioni, amejifunika buibui, akapita karibu kama mtu aendaye kuokota kuni. Alichoshindwa kukivumilia ni kwamba mama wa mayai yale alikuwa ameondoka. Hilo lilimuudhi hasa, akalirudia kila tulipoketi kumenya mihogo. "Ataga, afukia, aenda zake. Hata kugeuka nyuma. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na huyu hata mimba yenyewe ameitupa kwenye mtanga." Mzee akamjibu kutoka chumbani kwamba ndivyo walivyoumbwa, Mungu ndiye anayewalelea. Mamkubwa akaumenya muhogo wake hadi mwisho. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kunitosha mimi tu, kwamba Mungu hulea kwa mikono ya watu.

Haukupita muda Kazungu akaja na habari nyingine. Msingi wa ukuta utasogezwa mbele kuelekea majini, tingatinga litashuka pwani kesho kutwa, na njia yake ni juu ya shimo letu. Mamkubwa alinivisha buibui lake zuri akanituma nivuke feri niende ofisi ya uvuvi. Nilimkuta karani peke yake, mtu mwenye adabu, akaniambia anayeshughulika na mambo ya kasa ni kijana mmoja ambaye yuko safarini kusini, hajui atarudi lini, lakini atamwachia ujumbe, na akaniandikia mbele yangu. Nilirudi mikono mitupu. Mamkubwa alinisikiliza huku akichochea moto, akasema, "Basi yataletwa nyumbani." Mzee alipoambiwa alitulia kabisa, uso wake wote ukafunguka. "Mke wangu akiyashika mayai," alisema, "hesabu yameshaanguliwa." Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na shaka. Mimi nilikuwa nimeona vifaranga.

Tulikwenda alfajiri, sisi wawili na Kazungu, kukiwa kumeanza kupambazuka na mvua ya manyunyu. Kazungu alichimba kwa mikono mpaka bega likazama. Akayatoa moja moja, meupe, mviringo kamili, na ganda lake si ganda bali kama ngozi, ukilibonyeza linabonyea. Mamkubwa alipolishika la kwanza alishtuka. "Maskini," alisema, "hata hawakuvishwa." Tukayatia ndani ya karai mbili kubwa, juu ya leso zilizokunjwa, tukayafunika tukayabeba kichwani kama watu watokao sokoni. Nyumbani aliyaosha kwa maji ya vuguvugu kwa sababu yalikuwa na utando na mchanga mchafu. Akayapangusa. Akayatia alama ya mkaa, kila moja. Mchanga tulioleta akauchunga kwa chungio la unga ukawa safi kabisa, akayalaza humo, akazisogeza karai karibu na jiko na kati yake akatia kipande cha mkaa mzima ili radi za masika zisiyadhuru. Ilikuwa kazi nzuri. Nalisema hilo makusudi, kwa sababu nimekutana na watu wanaodhani uharibifu siku zote hufanywa kwa pupa na ukatili. Sikuwahi kuona mikono iliyofanya jambo kwa utaratibu na huruma kama mikono ya Mamkubwa asubuhi ile.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Nyumba ilikuwa na mpango wake: mchana tunatwanga, tunakuna nazi, tunamgeuza mgonjwa asipate vidonda, baada ya alasiri tunayageuza mayai, kisha tunaandaa futari. Nakumbuka harufu ya mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, na Mamkubwa amechuchumaa mbele ya karai, midomo inatembea kwa uradi, akifukua, akigeuza alama ya mkaa juu chini, akifukia. Hakufuturu hata siku moja kabla hajalimaliza la mwisho. Mzee naye akiuliza kutoka kitandani, "Yana joto?" Na yeye akijibu, "Kama kwapa la mtoto." Walikuwa watu wazima waliokaa pamoja miaka mingi, na nadhani hawakuwa wamezungumza jambo kwa furaha namna ile tangu ujana wao. Mzee alianza kula vizuri. Alitaka nimwinue akae, nimwegemeze na mito, awe anaona mlango wa uani. Jirani zetu wakaanza kupita kuuliza, na mzaha wa barazani ukageuka: sasa ikawa Bakari anafuga kasa kama watu wanavyofuga bata, tutaomba mbegu. Nilimsikia akicheka. Kicheko kilichopinda, lakini kicheko.

Katikati ya mwezi Kazungu alituletea habari ambayo hakutaka kuisema mbele ya Mzee. Alituvutia nyuma ya chumba cha kuku. Kasa mkubwa wa kike ametupwa na maji kwenye mawe, amekatika mgongo kama aliyepitiwa na panka la chombo, na watu wameshamfikia, gamba halipo. Hakuna awezaye kusema kama ndiye yule. Mamkubwa alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kisha akasema, "Asisikie mtu," akainuka, akaenda kunawa, akayageuza mayai ingawa alasiri ilikuwa bado.

Siku hizi kuna vijana wa huko Kusini wanaolinda mashimo ya kasa. Niliwahi kupelekwa na mkwe wangu kuwatazama, nikakaa kwenye mchanga na fimbo yangu. Shimo likiwa mahali pa hatari huyahamisha mayai mapema, na nilimwona kijana mmoja akiyatoa: kila yai amelishika vile vile lilivyolala, upande wa juu unabaki juu, anapumua polepole kana kwamba amebeba kikombe kilichojaa. Haoshi. Anachukua na utando wake na mchanga wake wa uchafu. Nilimtazama mpaka nikaombwa nisogee kwa kuwa namzibia mwanga. Mkwe wangu alinisifu kwa wengine kwamba mama huyu anapenda sana wanyama. Sipendi wanyama. Nilikuwa naiangalia ile mikono na kumchukia kijana asiye na kosa lolote kwamba amechelewa kuzaliwa.

Idi ilipita, na siku alizotuhesabia Mzee, ambazo mayai ya kasa huchukua kuanguliwa, zikatimia, zikapita nazo. Hakuna kilichotikisika ndani ya karai. Mamkubwa alisema mvua imewacheleweshea joto, akaongeza makaa. Halafu ikaanza harufu. Mwanzo ilikuwa kidogo, ukaweza kuisingizia dagaa wa jirani, lakini ikazidi mpaka kuku wenyewe wakaanza kulala nje. Mamkubwa alitia ubani uani asubuhi na jioni. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwema lakini asiyejua kunyamaza, alisema juu ya ua, "Zuhura, la kuvunda halina ubani." Mamkubwa alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Usiku ule nilimsikia Mzee akiuliza, na mkewe akimwambia ni kuku amefia darini.

Yule kijana wa uvuvi alikuja mwenyewe, amevuka feri siku ile ile aliyorudi kazini na kuusoma ujumbe wangu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Alichuchumaa mbele ya karai, akafukua moja, akaiona alama ya mkaa. Akafukua jingine. Nilimwona akiziona alama zote zile na uso wake ukibadilika, kisha akajitahidi kuurudisha.

"Mama, hii alama ni ya nini?"

"Ya kugeuzia."

"Mlikuwa mnageuza?"

"Kila siku. Sikuacha hata moja."

Aliomba sahani. Alilipasua yai kwa kijisu chake polepole, na ndani, katikati ya uoza, kulikuwa na kitu kidogo kuliko kunde, kimekunjamana, kina doa jeusi la jicho. Akapasua jingine, nalo hivyo hivyo. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili chake cha bara na kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba. "Mayai za kasa si kama za kuku, mama. Ikishakaa kidogo kwa mchanga, kale katoto kanajishikilia huko juu ya ganda. Ukigeuza, kanakufa."

"Kwa kugeuza mara ngapi?"

"Mara moja inatosha."

Mamkubwa aliiangalia sahani. "Mimi nimewaosha," alisema. "Nimewageuza siku zote hizi nao wameshakufa."

"Pole, mama. Hamkujua."

"Sikukosa kujua, mwanangu. Nilijua. Ningekuwa mjinga wa mayai wangekuwa hai."

Kijana yule alikifuta kijisu chake, akakikunja. Nimesikia mawaidha mengi juu ya ujinga, kwamba ndio unaomaliza misitu na samaki na ndege, na huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyewahi kunipa mawaidha juu ya mtu anayejua kitu kimoja kwa ukamilifu, akakipenda, akakitia mahali kisipohusika. Tulikuwa na wakati. Tulikuwa na mayai. Tulikuwa na mwanamke aliyekuwa tayari kukaa na njaa mpaka awahudumie wote. Laiti angekuwa mvivu kidogo.

"Nani huyo, Zuhura?" Mzee aliita kutoka ndani. "Ni mtu wa uvuvi? Asemaje?"

Mamkubwa alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifunga leso upya. Kijana alinitazama mimi, nami nikatazama chini. Mamkubwa aliingia chumba cha mbele na nikamfuata hadi mlangoni. Mzee alikuwa ameegemea mito yake, shingo imekaza kuelekea uani.

"Wametoka," Mamkubwa alisema.

"Lini?"

"Leo alfajiri, ulikuwa umelala. Tumewapeleka pwani na Mwana."

Mzee alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akarudisha uso kwa mkewe, na nikajua kwamba hakuwa mjinga, kwamba mtu aliyewaua maisha yake yote anajua ni wangapi hufika na wangapi huliwa, na kwamba neno moja lililozidi lingeharibu yote.

"Wangapi walioingia majini?"

Mamkubwa alimnyooshea mto. "Mmoja," alisema.

"Mmoja."

"Kunguru, Bakari. Walituzidi. Lakini mmoja nimemwona kwa mato yangu. Wimbi limempiga mara ya kwanza likamrudisha, la pili likamchukua."

Mzee alifumba macho. Kifua chake kilipanda kikashuka, na nikaikumbuka ile pumzi ya kasa aliyokuwa akituhadithia. "Basi si mimi," alisema. Akalisema tena, kwa upole, kama mtu aliyeambiwa anaweza kwenda. Mmoja anatosha, akasema. Mmoja hurudi.

Tuliyafukia mayai jioni ile nyuma ya nyumba, ndani ya leso moja mpya ambayo Mamkubwa alikuwa ameiweka kwa ajili ya harusi ya mtu. Kazungu alichimba. Karai alizitoa sadaka, hakutaka kuziona. Tangu siku hiyo hakushika tena mayai ya mtu, waliokuja nayo kutoka Mtongwe aliwaambia macho yake hayaoni vizuri, na wale wanaomsifu leo wanasifu habari za kabla ya hapo. Mzee Bakari hakukaa sana. Alifariki msimu wa kusi ukiwa umeshika, mchana, nikimlisha uji, na uso wake ulikuwa umenyooka kuliko nilivyoujua. Waliomwosha walisema ameondoka vizuri. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilikuwa na hasira kwamba furaha hiyo imetoka kwenye uongo, na nilikuwa nimechoka sana.

Mamkubwa akaingia eda. Mwanamke wa eda hatoki, hakai barazani, hajipambi, miezi minne na siku zake anakaa ndani na msiba wake. Nilibaki naye. Asubuhi moja, matanga yameshavunjwa na wageni wameondoka, aliniamsha kwa kunigusa bega. Amekaa kitako juu ya mswala, mweupe tupu kwa nguo zake za eda.

"Mwana, nenda pwani ukaangalie kama kuna alama."

Nilidhani usingizi haujamtoka. "Alama za nani, Mamkubwa?"

"Bakari amesema hurudi."

"Mamkubwa," nilimwambia, "hakuna aliyekwenda."

"Najua," alisema. "Nenda."

Nilikwenda. Ukuta wa hoteli ulikuwa umekwisha. Ulisimama pale tulipochimba na kuendelea kulia na kushoto, mawe na saruji, na maji yalikuwa yamejaa, yanaupiga ukuta kwa chini na kurudi. Hapakuwa na mchanga mkavu hata wa kutandika mkeka. Nilisimama nikitazama, nikaona kwamba hata angekuwako mmoja, hata angekua na kuvuka bahari zote akakumbuka mahali, angefika hapa akagonga kichwa kwenye jiwe. Nilirudi polepole nikipanga namna ya kumwambia habari za ukuta.

Alikuwa bado juu ya mswala. Alisikia mlango akageuka. "Vipi?"

"Hakuna alama," nilisema.

"Kesho uende mapema zaidi, watu wasije wakakanyaga."

Nilimwitikia abee. Kesho yake nikatoka mapema zaidi.